Paneli za Vigae vya Kale: Kuzitambua Kabla ya Kununua na Kuzitundika kwa Usalama

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayekusudia kununua paneli ya vigae vya kale ili kupamba sebule, ukumbi wa nyumba ya wageni au baraza. Kwa neno vigae tunakusudia vile vya ukutani ambavyo mafundi wetu wengi huviita marumaru au tailizi. Paneli ni mkusanyiko wa vigae vilivyopangwa pamoja vikaunda picha moja au urembo mmoja unaojirudia.

Tumewalenga hasa wasomaji wa Isansa na kata nyingine za Wilaya ya Mbozi, pamoja na wakazi wa Vwawa na Tunduma. Sababu ni mbili. Kwanza, Tunduma ni lango kuu la bidhaa kati ya Tanzania na Zambia, na kupitia Zambia bidhaa hutoka hadi Kongo na nchi za kusini mwa Afrika. Kitu kilichopita mikono mingi hufika kikiwa na maelezo ambayo mnunuzi hana njia rahisi ya kuyafuatilia. Pili, katika maeneo yanayolima kahawa familia nyingi hupata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno, na ndicho kipindi ambacho nyumba hupauliwa, hupakwa rangi na kupambwa. Fedha ya msimu mzima ikitumika kununua kitu kipya kinachouzwa kwa jina la ukale, hasara hiyo huingia katika ada za shule na pembejeo za mwaka unaofuata.

Jambo kuu tunalotaka msomaji alikumbuke ni hili: uso wa kigae umetengenezwa ili upendeze, bali ushahidi wa umri wake uko nyuma na pembeni. Muuzaji asiyekubali bidhaa yake igeuzwe hajatoa nafasi ya kukaguliwa, na mnunuzi hana sababu ya kumlipa bei ya kitu cha kale.

1. Urembo wa ukutani si jambo geni kwetu

Katika pwani ya Afrika Mashariki, watu walipamba kuta kwa vyombo vya kung'aa karne nyingi kabla ya viwanda vya vigae vya Ulaya. Katika makaburi ya kale ya Kunduchi na Kaole, bakuli na sahani zilizotoka mbali, zikiwemo za kauri ya China, zilipachikwa kwenye nguzo na kuta. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, bakuli ziliwekwa hata ndani ya kuba za msikiti.

Leo anayefika Kunduchi huona mashimo ya mviringo mahali palipokuwa na vyombo hivyo. Vingi viling'olewa. Kaburi limepoteza pambo lake, na chombo kilichong'olewa kimepoteza kile kilichokipa maana, yaani mahali pake. Tunautaja mfano huu mapema kwa sababu soko la vitu vya kale hulishwa na ununuzi, na mnunuzi asiyeuliza kitu kimetoka wapi anaweza kulipia uharibifu bila kujua.

2. Aina za vigae vya kale zinazotajwa sana na wauzaji

Vigae vya Uholanzi vya karne ya 17 na ya 18 vina upana wa takriban sentimita 13. Vilitengenezwa kwa udongo laini uliokatwa kwa mkono, vikapakwa utando mweupe wa kioo wenye madini ya bati, kisha vikachorwa, mara nyingi kwa buluu. Katika pembe za vingi huonekana vitundu vidogo vilivyoachwa na misumari ya kibao cha kukatia.

Vigae vya Ureno vina upana wa takriban sentimita 14. Paneli zake kubwa za picha mara nyingi huwa na herufi na namba zilizoandikwa kwa brashi nyuma ya kila kigae, ili fundi ajue kila kimoja kinakaa safu ipi.

Vigae vya Iznik, nchini Uturuki, vilifikia kilele cha ubora katika karne ya 16. Rangi yake nyekundu huinuka kidogo juu ya uso, na kidole huweza kuihisi.

Vigae vya Uingereza vya karne ya 19 ndivyo vilivyotengenezwa kwa wingi na kusambazwa mbali. Kipimo chake cha kawaida ni inchi 6, yaani sentimita 15.2. Mwaka 1840 Richard Prosser alipata hataza ya kugandamiza udongo mkavu wa unga kwa mashine, na kiwanda cha Minton kiliutumia ufundi huo kutengeneza vigae. Tangu hapo vigae vilianza kuwa na unene ulio sawa na migongo yenye mistari au vijumba vilivyoachwa na kalibu.

Vigae vya Japani vyenye urembo ulioinuka na rangi nzito za kung'aa vilitengenezwa kwa wingi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vikauzwa India na Asia ya Kusini-Mashariki. Havina umri wa vile vya Uholanzi, lakini ni vya kale kwa haki yake na vina wapenzi wengi.

3. Hatua sita za ukaguzi

Ukaguzi huu hauhitaji mtaalamu. Unahitaji mwanga wa mchana, rula, kitambaa kibichi na kioo cha kukuzia. Kamera ya simu yenye uwezo wa kukuza inaweza kutumika badala ya kioo.

Hatua ya kwanza: geuza kigae. Mgongo usio sawa, wenye alama za mkono au za waya wa kukatia udongo, huashiria kazi ya mkono. Mgongo wenye mistari iliyonyooka huashiria mashine, na kwa hiyo muda baada ya 1840. Ukikuta vijumba vidogo vilivyo sawasawa kabisa, linganisha na kigae kipya katika duka la vifaa vya ujenzi. Vigae vya viwanda vya leo, vikiwemo vya Mkuranga na Chalinze, ni rahisi kupatikana, na kuvishika mkononi kwa dakika tano ni somo kubwa kuliko picha yoyote.

Hatua ya pili: soma maandishi. Kati ya 1842 na 1883, michoro iliyosajiliwa Uingereza iliweza kuwekewa alama yenye umbo la almasi. Kuanzia 1884 zilitumika herufi Rd No zikifuatiwa na namba. Alama hizi huonyesha wakati mchoro uliposajiliwa. Kigae chenyewe kinaweza kuwa kilitengenezwa miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1891 Marekani ilianza kutaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe jina la nchi zilikotoka, na tangu hapo neno England lilienea kwenye migongo ya vigae. Maneno Made in England au Made in Japan ni ya kawaida zaidi katika karne ya 20.

Hatua ya tatu: tazama rangi kwa kioo cha kukuzia. Rangi iliyopakwa kwa brashi huwa na mahali pazito na mahali pepesi. Urembo uliohamishwa kutoka kwenye karatasi ya chapa huonyesha mistari myembamba au nukta za rangi moja. Ukiona vitone vidogo sana vya rangi kadhaa vilivyochanganyika, buluu, waridi, njano na nyeusi, vikiunda picha nzima, hiyo ni chapa ya mashine za kisasa. Hakuna hadithi ya muuzaji inayoweza kuushinda ushahidi huo.

Hatua ya nne: chunguza nyufa nyembamba za utando wa kioo. Vigae vingi vya kale vina mtandao wa nyufa kama utando wa buibui. Uchafu wa miaka huingia humo kwa viwango tofauti: zaidi karibu na kingo na palipomeguka, kidogo mahali pengine. Nyufa zilizotiwa rangi ya kahawia kwa usawa juu ya uso wote zitiliwe shaka, kwani chai au kemikali huweza kutoa matokeo hayo kwa siku moja.

Hatua ya tano: tazama palipomeguka. Mahali hapo huonyesha udongo wa ndani. Mmeguko wa zamani huwa umefifia na kingo zake zimelainika; mpya huwa mkali na safi. Kama muuzaji anadai kuwa paneli imekaa ukutani miaka mia moja, tafuta pia mabaki ya chokaa au saruji nyuma na pembeni. Kukosekana kwake si uthibitisho wa udanganyifu, kwa kuwa vigae vingine huuzwa bila kuwahi kubandikwa, lakini maelezo ya muuzaji yaafikiane na unachokiona.

Hatua ya sita: linganisha vigae vyote, kimoja baada ya kingine. Paneli nyingi zimepoteza vigae na kujaziwa vingine. Pima unene wa kila kimoja, tazama weupe wa utando wake, na uangalie kama mistari ya picha inakutana vizuri penye maungio. Kigae cha kujazia hakiondoi thamani yote ya paneli, ila kinapaswa kutajwa na kuhesabiwa katika bei.

4. Mfano wa kujifunzia

Tuseme muuzaji anakuletea paneli ya vigae 24, vinne kwa upana na sita kwa urefu. Anasema ni ya Uingereza, ina zaidi ya miaka 200, na ilitoka katika jumba la mlowezi ng'ambo ya mpaka. Unageuza kigae kimoja. Mgongo una mistari iliyonyooka na maneno Made in England.

Ushahidi huo unakataa miaka 200. Mistari hiyo ni ya ufundi uliokuja baada ya 1840, na maandishi yanaelekeza karne ya 20. Hata hivyo, haukatai kwamba paneli inaweza kuwa na miaka 80 au 100. Unaendelea: chini ya kioo cha kukuzia unaona mistari ya rangi moja, si vitone vya rangi nyingi. Nyufa za utando zina uchafu usio sawa. Vigae viwili ni vinene kuliko vingine.

Hitimisho la haki ni kwamba paneli hii yaonekana kuwa ya karne ya 20, si mpya, na ina vigae viwili vya kujazia. Muuzaji anaweza kuwa amedanganya, au amerudia tu alichoambiwa na aliyemuuzia. Kwa mnunuzi tofauti hiyo haibadilishi hesabu. Unajadiliana bei ya kitu ulichokithibitisha, si ya kitu ulichosimuliwa. Jiulize: je, ningelipa kiasi hiki kama ningejua kwamba paneli hii ni mpya? Kama jibu ni hapana, basi sehemu ya bei iliyobaki ni bei ya ukale, na ukale huo lazima uwe na ushahidi.

5. Maswali ya kisheria kabla ya kulipa

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa malikale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Milango na fremu za kuchonga za mtindo wa Zanzibar zilizochongwa kabla ya 1940 nazo zina ulinzi wake. Vitu vya aina hii haviuzwi wala kupelekwa nje kiholela. Anayegundua kitu cha kale ardhini au katika gofu anatakiwa kutoa taarifa serikalini. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake kuhusu mambo hayo.

Vigae vingi vya viwandani vilitengenezwa baada ya 1863. Hilo haliwi ruhusa ya kung'oa. Kigae kilichobanduliwa kanisani, msikitini, katika ofisi ya zamani au nyumba ya mtu bila idhini ya mwenyewe ni mali ya wizi, hata kama kina umri wa miaka 50 tu. Wakazi wa Mbozi wanaufahamu mfano wa Kimondo cha Ndolezi: kitu cha urithi hubaki na maana kwa wote kikikaa mahali pake na kutunzwa. Ukiletewa vipande vinavyoonekana kutoka katika jengo la kale, usivinunue kwa nia ya kuviokoa. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji au kwa mamlaka ya malikale.

Kwa paneli inayosemekana kuingia kutoka Zambia au nchi nyingine, omba kuona nyaraka za forodha. Nchi ilikotoka nayo huweza kuwa na sheria ya kulinda vitu vyake vya kale.

6. Risiti inayokulinda

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo iafikiane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Lakini maelezo yaliyotolewa kwa mdomo, bila shahidi, ni vigumu kuyathibitisha. Kwa hiyo dai risiti, na ikiwa mfanyabiashara anatakiwa kutumia mashine ya EFD, dai risiti ya mashine hiyo. Pamoja nayo, omba karatasi yenye maelezo kama haya:

"Nimeuza paneli moja ya vigae 24, kila kimoja sentimita 15.2 kwa 15.2, vya Uingereza, vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1950. Vigae viwili ni vya kujazia na kimoja kina ufa. Mnunuzi anaweza kurejesha ndani ya siku 14 ikithibitika kuwa ni vipya."

Muuzaji na mnunuzi waweke majina, saini, tarehe na bei. Piga picha za mbele na nyuma ya kila kigae siku hiyo hiyo. Muuzaji anayesimulia kwa ufasaha lakini anakataa kuandika, amekupa jibu lako. Ikitokea mgogoro, anza kwa kumwandikia muuzaji; asiporekebisha, peleka malalamiko na nakala za nyaraka zako kwa Tume ya Ushindani.

7. Kutundika bila kuharibu

Kanuni ya kuonyesha kitu cha kale ni kwamba kila kinachofanywa kiweze kutenguliwa. Usiruhusu fundi abandike vigae vya kale ukutani kwa saruji au gundi ya marumaru. Saruji ni ngumu kuliko udongo wa kigae. Siku ya kukibandua, kitakachovunjika ni kigae.

Njia iliyo salama ni ubao na fremu. Chukua plaiwudi imara, ipake vanishi pande zote, kisha panga vigae juu yake kwa kuacha nafasi ndogo kati ya kimoja na kingine. Vishikiliwe pembeni kwa vibanio vya shaba au kwa ukingo wa fremu. Kabla ya kupanga, mpe kila kigae namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, na uchore mpangilio wote.

Pima uzito. Kigae cha inchi 6 chenye unene wa sentimita moja huweza kufikia takriban nusu kilo. Vigae 24 ni karibu kilo 12, kabla ya kuongeza ubao na fremu. Pima kimoja dukani kwenye mizani, zidisha, kisha umwambie fundi uzito kamili. Katika ukuta wa tofali za kuchoma, skrubu ndefu zenye plagi zipigwe ndani ya tofali lenyewe, si katika plasta wala kwenye kiungo, na ziwe zaidi ya mbili. Msumari mmoja na waya havitoshi. Nchi yetu ya kusini-magharibi imo katika ukanda wa Bonde la Ufa, ambako mitetemeko ya ardhi hutokea. Kwa hiyo paneli isitundikwe juu ya kitanda, kiti au mahali watoto wanapochezea.

Chagua ukuta wa ndani ulio mkavu. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na ukuta wa nje hunyonya maji. Unyevu unaotoka ukutani hubeba chumvi, nayo huusukuma utando wa kioo hadi ukabanduka. Acha nafasi ya sentimita mbili kati ya ubao na ukuta ili hewa ipite. Jiko la kuni na bafu si mahali pake.

Usafishe kwa kitambaa laini na maji yenye sabuni kidogo. Dawa za kusafishia choo zina tindikali na huula utando, steeluli huukwaruza. Vigae vyenye nyufa visilowekwe.

Onyo la afya: utando na rangi za vigae vingi vya kale vina madini ya risasi. Kikiwa kizima ukutani, kigae hakina hatari kubwa. Hatari huanza kinapokatwa, kusagwa au kupigwa msasa, kwa kuwa vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Usivikate. Usivitumie kupakulia chakula wala kukatia mboga. Vipande vilivyovunjika vikusanywe kwa kitambaa kibichi, na mikono ioshwe.

8. Maswali ya kujipima

Je, nimegeuza kila kigae na kusoma mgongo wake?
Je, nimetazama rangi kwa kioo cha kukuzia katika mwanga wa mchana?
Je, ninajua paneli ilitoka wapi, na nani alikuwa na haki ya kuiuza?
Je, umri, idadi na kasoro zimeandikwa na kutiwa saini?
Je, fundi anajua uzito wake, na paneli inaweza kushushwa bila kuvunja kitu?

Swali lolote likikosa jibu, ahirisha malipo mpaka jibu lipatikane. Paneli iliyodumu miaka mingi inaweza kusubiri wiki moja zaidi. Muuzaji akikuhimiza kwamba yupo mnunuzi mwingine njiani, mwache amuuzie huyo.